Kanisa la Muskego kwenye meza yangu: mradi umefika wapi

Kuta nne za mfano wangu mdogo wa kanisa la Muskego zimesimama. Hakuna gundi, hakuna msumari. Nikishika gogo la juu kabisa na kulivuta juu, linatoka bila kelele. Ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo. Kanisa ninaloliiga lipo mpaka leo kwa sababu lilijengwa namna hiyo: liliweza kuvuliwa gogo baada ya gogo, likasafirishwa, likavikwa upya mahali pengine.

Kwa ambaye hajawahi kulisikia, Muskego ni makazi ya wahamiaji kutoka Norwei waliofika Wisconsin, Marekani, kuanzia mwaka 1839. Walikuwa maskini, na ardhi ya pale ilikuwa na maji mengi na homa. Ibada zao za awali zilifanyika ghalani kwa Even Heg, mtu ambaye ghala lake lilikuwa pia nyumba ya wageni kwa kila mhamiaji mpya aliyeshuka njia ile. Mwaka 1843 alifika Claus Lauritz Clausen, kijana mzaliwa wa Denmaki, akabarikiwa kuwa mchungaji wao mwezi Oktoba mwaka huohuo. Ujenzi ukaanza. Sehemu ya fedha ilitoka kwa Tollef Bache, mfanyabiashara wa Drammen kule Norwei, ambaye mwanawe Søren alikuwa miongoni mwa wahamiaji. Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 13 Machi 1845.

Wapo wanaobishana kama ndilo kanisa la kwanza la wahamiaji Wanorwei Marekani. Makanisa mawili ya Koshkonong, jimbo hilohilo, yaliwekwa wakfu miezi michache kabla. Lakini Muskego walianza kujenga mapema zaidi, na kwangu mimi hilo linatosha kulipa heshima yake.

Nililiona nilipokuwa St. Paul, Minnesota, lilikohamishiwa baadaye, kwa ziara ya Bega kwa Bega, ushirika unaounganisha Walutheri wa eneo lile na Dayosisi yetu ya Iringa. Wengine katika ujumbe walipiga picha madhabahuni. Mimi nilibaki kwenye kona za nje, nikipitisha mkono kwenye viungo vya magogo, mpaka nikaitwa kwenye gari.

Mbao

Magogo ya asili ni ya mwaloni, yamechongwa yakawa na unene wa inchi 6. Kwa kipimo changu cha moja kwa ishirini, hiyo ni milimita saba na nusu hivi. Nilianza na paini ya Sao Hill kwa kuwa ndiyo tuliyojaaliwa huku Mufindi, ila nyuzi zake ni pana mno kwa kazi ndogo kiasi hiki. Patasi ikipita, kona inamomonyoka. Sasa natumia mabaki ya mtiki kutoka karakana moja mjini. Ni mgumu, unashika ncha kali, na rangi yake ikishapigwa na jua inakaribia mwaloni wa zamani.

Nguzo za ndani zinazobeba roshani zilikuwa za mjozi mweusi. Hapo sikufikiria mara mbili, nikachukua mninga.

Kuta

Hii ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi. Wanorwei wale walikuja na kifaa kiitwacho medrag, chuma chenye ncha mbili. Unalaza gogo la juu juu ya lenzake, kisha unakiburuza kifaa kwa urefu wote. Ncha moja inafuata mgongo wa gogo la chini, nyingine inakwaruza alama tumboni mwa gogo la juu. Ukichimba kwa kufuata alama ile, unapata mfuo unaokaa juu ya gogo la chini sawasawa, pamoja na vibonde na vinundu vyake vyote. Nimejitengenezea kadogo kwa waya wa chuma uliopindwa, na kanafanya kazi vizuri.

Matokeo yake ni kwamba kila gogo lina jirani mmoja tu duniani. Ukilipeleka safu nyingine, halikai. Linaacha nafasi ambayo upepo unapita. Na pembeni, ncha zimechongwa kwa kutanuka kama mkia wa njiwa, zikashikana zenyewe kwa uzito wa ukuta. Ukuta haufunguki kwa kuvutwa kando. Unafunguka kwa njia moja tu: kuanzia juu.

Kwa hiyo nilipofikiria wale mafundi wa mwaka 1904 waliolibomoa ili kulihamisha, nikaelewa kwamba kazi yao kubwa ilikuwa alama. Gogo lisilo na namba, hata likiwa zima, limepotea. Mimi naziunguza namba zangu kwa msumari wa moto, upande wa ndani wa kiungo, mahali ambapo ukuta ukishafungwa hapaonekani: herufi ya ukuta, kisha safu kuhesabia kutoka chini. Sipaki rangi usoni mwa mbao. Kitu kinachohifadhiwa kisichafuliwe na uhifadhi wenyewe.

Mzee mmoja fundi wa paa za makanisa hupita hapa jioni. Nilimwonyesha ukuta wa kwanza baada ya shikamoo.

“Marahaba mjukuu wangu. Mbao hii umeikausha?”

“Nimeikausha, babu.”

“Ikiwa bado na maji, ukuta utashuka. Mti haupungui urefu, unapungua unene. Juu ya dirisha acha upenyo.”

Maneno yake yalinifungua macho. Nyumba ya magogo mabichi hushuka taratibu miaka yake ya mwanzo, na viungo vyake hutafuta mahali pa kukaa. Magogo ya Muskego yalipobomolewa mwaka 1904 yalikuwa na umri wa miaka sitini tangu kuchongwa. Yalikuwa yameshamaliza kupungua. Huo ndio umri mzuri wa kusafiri.

Njia nyingine ni kulibeba jengo zima. Agosti 2025 huko Kiruna, Uswidi, kanisa la mbao la mwaka 1912 lenye uzito wa tani 672 lilisogezwa kilomita 5 kwa magari maalumu kwa siku mbili, kulikimbiza na ardhi inayotitia kwa sababu ya mgodi wa chuma. Nilifuatilia kwa hamu. Ni kazi ya ajabu, lakini inataka barabara pana na safari fupi. Kutoka Muskego hadi St. Paul ni jimbo hadi jimbo.

Viwanja viwili

Hapa ndipo nilipo sasa. Sitaki kuliweka kanisa kwenye ubao mmoja, kwa sababu maisha yake hayakuwa ya mahali pamoja. Mwaka 1869 usharika ulijenga kanisa jipya kwenye kilima kilekile. Lile la magogo liliuzwa kwa mkulima, likawa ghala. Ibada zilianzia ghalani, na nyumba yake ikageuka ghala! Ni hatua ya 1904 ndiyo iliyoliokoa, lilipopelekwa kwenye chuo cha wachungaji cha Walutheri wenye asili ya Norwei, St. Paul.

Ila makaburi hayakuhama. Waliokufa kwa kipindupindu mwishoni mwa miaka ya 1840 na mwanzoni mwa 1850 walibaki Wisconsin. Kanali Hans Christian Heg, mtoto wa Even, mpinga utumwa aliyeongoza Kikosi cha 15 cha Wisconsin na kufa kwa jeraha la pambano la Chickamauga mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, naye amelala kwenye kilima kile. Sikubali kuonyesha jengo bila kuonyesha lilichokiacha.

Kwa hiyo ninatengeneza mbao mbili: kilima chenye makaburi na msingi mtupu, na kiwanja cha St. Paul chenye msingi wa pili. Wanafunzi wa useremala watakaokuja kuona watalivua kanisa kwa mikono yao kutoka ubao wa kwanza na kulijenga kwenye wa pili, kwa kufuata namba. Misingi yote miwili imeshapimwa na kulinganishwa na gogo la chini, inakaa barabara.

Kilichobaki ni mimbari, roshani ya ndani, na paa. Vigae vya mbao nitavipasua badala ya kuvikata kwa msumeno, maana kigae kilichopasuliwa hufuata nyuzi za mti na maji hayaingii ndani yake. Mwenye mabaki ya mninga uliokauka vizuri, hata vipande vya kiganja, naomba anitunzie.