Mafunzo ya washauri nasaha dhidi ya ubaguzi wa rangi: anzeni na kikao cha kwanza

Kliniki nyingi za afya ya akili Marekani hutenga siku moja kwa mwaka kwa mafunzo kuhusu ubaguzi wa rangi. Mkufunzi anakuja, slaidi zinaonyeshwa, vyeti vinagawiwa, na Jumatatu kazi inaendelea vilevile. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulipima njia tisa za kupunguza upendeleo wa rangi ambao mtu hana habari kuwa anao. Zote tisa zilionyesha matokeo papo hapo, na hakuna hata moja ambayo matokeo yake yalidumu zaidi ya saa au siku chache. Kwa hiyo anayepanga mafunzo asijipe kazi ya kubadilisha mioyo ya watu kwa siku moja. Ashughulike na vitendo: mshauri anauliza nini, anaandika nini kwenye faili, anajibu nini mteja akitaja ubaguzi, na nani anakagua kazi yake.

Ninaowazungumzia hapa ni Wamarekani Weusi na wakimbizi wa Kongo wanaosema Kiswahili. Kliniki za Kentucky, Texas, Iowa na Maine zinawapokea wote, na makosa wanayofanyiwa yanakaribiana ingawa historia zao ni tofauti.

Historia yenyewe ifundishwe, lakini saa moja na nusu inatosha. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alidai kwamba mtumwa anayetoroka ni mgonjwa, ugonjwa akauita drapetomania, na viboko vikawa sehemu ya kinga aliyopendekeza. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliomba radhi kwa mchango wake katika ubaguzi, na baadaye mwaka huohuo chama cha wanasaikolojia kikafanya hivyo pia. Anachotakiwa kuelewa mwanafunzi ni namna kosa lenyewe linavyotokea: mtu anaumizwa, anaitikia kama binadamu yeyote angeitikia, kisha mwitikio wake unaandikwa kuwa ugonjwa. Hilo bado lipo. Kwa miongo mingi tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu Weusi huandikiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia) mara nyingi kuliko wazungu, huku sonona (huzuni nzito inayodumu) na bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) zikipitwa bila kuonekana.

Linatokea hivi. Mteja anafika akiwa na tahadhari. Anajibu kwa mkato, anauliza fomu aliyosaini inapelekwa wapi, anasema polisi humfuata akiendesha gari. Mshauri anaandika "anashuku watu bila sababu" na uchunguzi unaishia hapo. Mkimbizi naye anasema usiku humsikia mama yake aliyeuawa akimwita, au kwamba kuna mtu wa ukoo amemroga, na faili linaandikwa saikosisi, yaani kwamba ametengana na uhalisia. Mfundisheni mshauri asiandike neno hilo kabla ya kuuliza mambo manne. Kwanza, watu wa familia au kanisa lako wanalionaje jambo hili? Pili, lilianza lini, na baada ya tukio gani? Tatu, linakuzuia kufanya nini? Nne, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, wiki mbili zilizopita usingizi, hamu ya kula, nguvu na furaha vimekuwaje, na je, umewahi kupita siku kadhaa hulali na wala huchoki? Maswali ya sonona na bipola yaulizwe yote hata kama mteja ameshataja sauti au uchawi. Mshauri anayesimama kwenye dalili ya kwanza ya kushtua ndiye anayekosea utambuzi.

Nyenzo nzuri ya kufundishia ipo tayari. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013 (DSM-5), una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni wa mteja. Yalijaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Yanaanza na namna mteja anavyolieleza tatizo lake, yanapita kwenye chanzo na watu wanaomsaidia au kumwongezea mzigo, yanauliza amejaribu nini hadi sasa, na yanaishia kwenye matarajio yake kwako wewe unayemhoji. Mwanafunzi huyaharibu kwa njia tatu. Anayasoma kama fomu ya benki bila kuinua macho. Anayaweka mwisho, dakika tano zikiwa zimebaki. Au anawauliza wale tu wanaoonekana wageni, kana kwamba mzungu wa Iowa hana utamaduni. Waulizwe wateja wote, mwanzoni mwa tathmini, na zitengwe dakika 20.

Lile swali la namna mteja anavyolieleza tatizo lake kwa ndugu na marafiki lifanyiwe mazoezi mpaka limkae mshauri mdomoni. "Utamaduni wenu unasemaje kuhusu sonona?" ni swali lisilojibika. Lakini ukimuuliza mama wa Uvira, mashariki mwa Kongo, "Dada yako angekuona hivi angesema una nini?" atakwambia ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unadunda akisikia mlango ukigongwa. Maneno hayo yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema, na lengo la tiba litokane nayo: kichwa kipungue moto, alale saa tano mfululizo. Baada ya mwezi ataulizwa kwa maneno yaleyale, na jibu lake litakuwa na maana kwake pia.

Madodoso nayo yana mitego. Lile la kupima msongo wa akili wa wakimbizi, lenye vipengele 15 (RHS-15), lina toleo la Kiswahili, na alama 12 au zaidi katika maswali 14 ya kwanza humaanisha mteja achunguzwe zaidi. Lakini aliyelelewa Kalemie au Bukavu anaweza kukwama kwenye Kiswahili sanifu, na asiyesoma shule hajazoea kupima maumivu yake kwa 0 hadi 4. Asomewe kwa sauti, na mizani ionyeshwe kwa picha za chupa zilizojazwa kwa viwango tofauti.

Sasa mkalimani. Hapa ndipo mafunzo mengi hupita haraka, na hapa ndipo mteja hupotea. Kuandika "Kiswahili" kwenye fomu hakutoshi. Mnyamulenge na Mbembe, watu wa jamii mbili za mashariki mwa Kongo zilizopigana, wote wanaweza kusema Kiswahili, na vita vilivyowatoa nyumbani vinaweza kumkalisha mteja mbele ya mtu anayemwogopa. Mwanamke aliyebakwa huenda asiseme lolote mbele ya mkalimani mwanamume. Katika mji mdogo mkalimani ni yuleyule anayeimba naye kwaya Jumapili. Kwa hiyo kabla ya miadi mteja aulizwe: kuna mtu, jinsia au jamii ambayo hungependa ikukalimanie? Ungependa wa simu kutoka jimbo jingine, asiyejua jina lako? Mtoto asitumike kabisa. Kanuni za serikali kuu zinakataza isipokuwa kwenye dharura.

Mshauri afanye mazoezi na mkalimani halisi anayelipwa. Dakika kumi kabla ya kikao wakubaliane: mkalimani atasema "mimi" mteja anaposema "mimi", hatapunguza wala kupamba, na akiona jambo halieleweki atasimamisha na kuwaeleza wote wawili. Kikao cha dakika 50 kipewe 90. Mshauri amtazame mteja, si mkalimani. Sentensi moja au mbili, kisha asubiri. Akiuliza swali la maneno matano na mkalimani akazungumza dakika tatu, asitabasamu tu. Aombe kwa heshima ajue kilichosemwa. Baada ya kikao wabaki tena dakika kumi, kwa sababu mkalimani naye huenda alikimbia vita hivyohivyo.

Kitu kigumu kuliko vyote ni pale mteja anapotaja ubaguzi wenyewe. Chukua mfano wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayesema, "Msimamizi ananipa mstari mbaya kila siku kwa sababu ya rangi yangu." Mshauri aliyefunzwa tiba ya fikra na tabia anafungua jedwali lake la kutenganisha tukio na fikra, anaandika kauli hiyo kwenye safu ya fikra, na kuuliza: "Kuna maelezo mengine?" Hapo amekosea, maana ameligeuza tukio kuwa fikra potofu. Tukio liandikwe kwenye safu ya tukio. Jibu la kwanza liwe: "Hilo ni ubaguzi, na si haki. Nieleze ilivyokuwa jana." Kisha atafute kilichoingia ndani: "Sina thamani," "Wanangu nao wataishi hivi." Fikra za namna hiyo ndizo za kufanyiwa kazi. Mwisho wapime pamoja hatua zilizopo, kulalamika, kuhama zamu, kutafuta kazi nyingine, pamoja na hatari ya kila moja kwa mtu ambaye mshahara wake unalisha watu saba.

Igizo hilo lifanywe kwa vikundi vya watu watatu: mshauri, mteja, mtazamaji. Dakika nane, maoni dakika mbili juu ya sentensi moja tu, kisha kipande kilekile kirudiwe. Bila kurudia hakuna kinachobaki. Vikao sita vya saa mbili, kila baada ya wiki mbili, vitafaa kuliko siku nzima moja, na vifuatwe na usimamizi wa kila mwezi ambapo rekodi inasikilizwa kwa ruhusa ya mteja. Asilazimishwe mshauri pekee Mweusi kuigiza mteja Mweusi, wala asigeuzwe mwalimu wa bure wa wenzake. Mzungu akilia darasani, mkufunzi amruhusu kupumua kisha arudishe mazungumzo kwa mteja. Wengine wote wakianza kumbembeleza, somo limekwisha.

Baada ya miezi 12 fungueni takwimu zenu: asilimia ngapi hawakurudi baada ya kikao cha kwanza, na nani kaandikiwa nini, kwa rangi na kwa lugha. Idadi ya wateja ikiwa ndogo mno kwa takwimu, chukueni faili zote zilizoandikwa saikosisi, fichueni dalili tu na mzibe jina, rangi na nchi, wasomaji wawili wazipitie kila mmoja peke yake. Utambuzi ukitofautiana na ulioandikwa, mteja aitwe, tathmini irudiwe, na rekodi isahihishwe kwa maandishi, kwa kuwa skizofrenia iliyoandikwa kimakosa itamfuata kila hospitali atakayokwenda.