Ny-Ålesund: kurusha puto la ozoni karibu na digrii 79 kaskazini

Ny-Ålesund ni kijiji cha utafiti huko Svalbard, visiwa vya Norwei. Kutoka Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, ndege ndogo huchukua dakika 25 hivi. Mara tu baada ya kutua tulitakiwa kuzima Wi-Fi na Bluetooth, na si utani: mawimbi ya gigahezi 2 hadi 32 yamepigwa marufuku hapa, maana antena za upimaji wa dunia husikiliza ishara dhaifu mno kutoka anga za mbali. Redio ya puto hutumia takriban megahezi 400, kwa hiyo imesalimika.

Tulifikia AWIPEV, kituo cha utafiti cha Wajerumani na Wafaransa. Puto la hali ya hewa hurushwa kila siku. La kupima ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, kwa kawaida mara moja kwa wiki, na zaidi mwishoni mwa baridi, jua linaporudi na klorini iliyoamshwa kwenye mawingu ya stratosfia, tabaka la juu la hewa (hayo huhitaji kama nyuzi -78), kuanza kuila ozoni.

Uwanjani ni kazi ya dakika chache. Kasheshe iko mezani. Kipimo kinachobebwa na puto ni vikombe viwili vya maji ya iodidi ya potasiamu pamoja na pampu ndogo ya teflon. Kikombe kimoja ni kathodi, kingine anodi, yaani ncha mbili za umeme kama za betri. Anza na kathodi: mililita 3 kwa sirinji. Subiri dakika kadhaa kidaraja kati ya vikombe kilowe, ndipo utie anodi, mililita 1.5. Ukianza na anodi, maji yake mazito yatapenya upande wa pili na kipimo kimeharibika. Kila kikombe na sirinji yake. Kisha kivutishe hewa isiyo na ozoni. Ozoni ndiyo huzalisha umeme kwenye kipimo, kwa hiyo hapa umeme usiposhuka chini ya mikroampea 0.1, usirushe. Kasi ya pampu hupimwa kwa kiputo cha sabuni: mililita 100 kwa sekunde 25 hadi 30. Ukikosea hapo kwa asilimia 3, ozoni yote imekosewa kwa asilimia 3.

Puto hupanda mita 5 kwa sekunde, likilenga kilomita 30. Kwenye miezi ya giza mpira hukakamaa na kupasuka mapema, ndiyo maana baadhi ya vituo vya ncha za dunia hutumia la plastiki.

Kwenye grafu, ozoni huanza kupanda karibu na kilomita 10. Dagoretti Corner, Nairobi, wanakorusha kipimo cha aina hiihii kila wiki, ozoni hungoja hadi kilomita 16 au 17 ndipo ianze kupanda. Aliyezoea grafu za Nairobi asidhani kifaa kina hitilafu.