Hamri Moja, Teki Tatu

Juzi asubuhi niko zangu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na mahamri na mbaazi, mara yule jamaa wa siasa za redioni, jina wacha, akashuka kwa gari ya vioo vyeusi na kijana wa kamera nyuma yake. Kandambili mguuni, mpya, stika ya bei bado iko chini ya soli. Akaketi na sisi, akauma hamri, kijana akasema haijatoka poa, akauma tena, mara ya tatu hata hakumeza. Mama akamuuliza "mwanangu, na pesa?" ndo kijana akalipa.

Jioni video iko kila simu, ati mtu wa watu.

Lakini sinema hii twaijua, 2022 wilibaro za kampeni zilizungushwa nchi nzima, tukapanga laini alfajiri, tukatiwa wino kidoleni, tukarudi nyumbani kungoja. Kura mimi ntapiga tena 2027, simkatazi mtu. Ila ule mswada wa fedha wa 2024 Rais alikataa kuutia sahihi Juni 26, siku moja tu baada ya vijana kujaa barabarani kuupinga, na wengine hawakurudi makwao. Katiba yenyewe, kifungu cha 37, yaruhusu kuandamana bila silaha, manake miaka mitano ni mingi kumngoja mtu.

Siku hizo jamaa alikuwa kimya kabisa. Mama wa mahamri naye kila mwezi huenda kuwasumbua watu wa maji na risiti zake mkobani, na folowa hana hata mmoja.