Fensi ya michongoma na bogenvilia ilivyonisaidia kwenye upepo wa Singida

Wanaoijua Singida wanajua upepo wake, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, yaani mvua zimeisha, watu wameshavuna, mashamba yako wazi na hakuna cha kuuzuia. Kiwanja changu kiko pembeni ya mji kwenye eneo lililoinuka, mbele ni mawe makubwa tu na majani makavu, na upande wa mashariki ambako ndiko unakotokea hakuna hata mti mmoja. Mwaka wa kwanza kuhamia nilikuwa nikiandaa chakula mezani inabidi nifunike sahani kwa sahani, na nguo za watoto nilizianua zimejaa vumbi kama sijazifua.

Nikaanza na mabati. Niliweka mabati kwenye nguzo za miti upande wote ule, mita 30, na hela iliniuma kwakweli. Nilichogundua ni kwamba upepo ukigonga bati hauishi, unapanda juu halafu unadondoka ndani ya uwanja unazunguka, ukisimama karibu na bati vumbi linakuja usoni kutoka pande zote, na mwezi wa nane usiku mmoja nguzo 4 zikalala chini pamoja na mabati yake. Asubuhi nilipotoka mzee jirani alikuwa ameshakuja kunisaidia kuyakusanya yasipeperuke, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniambia upepo usiuzibie njia, uchuje. Hilo neno ndilo lililonifanya nifikirie miti, maana ua wa miti unapitisha upepo kidogo kidogo na unaupunguza nguvu.

Ila hata hapo nilikosea, nikaenda kwenye bustani ya miche nikachagua mirefu, haibiskasi na ile duranta ya majani ya njano, karibu mita moja na nusu, nilitaka nione fensi haraka. Nilipanda mwezi wa saba. Mche mrefu kwenye upepo unatikiswa kutwa nzima, ukichuchumaa ukaangalia pale shina linapoingia ardhini unaona kishimo kidogo kimezunguka shina kama mtu kazungusha kidole, ujue hapo mizizi midogo inakatika kila siku na haishiki. Majani yakaungua pembeni yakawa ya kahawia nikidhani ni kiu, namwagilia tu. Iliyobaki ikamaliziwa na mbuzi, si unajua kiangazi wanaachiwa wajitafutie.

Safari ya pili nikachagua kwa kuangalia nyumba za watu ambazo upepo unazipiga kama kwangu, nini kimesimama. Minyaa ilikuwepo nyingi na inavumilia ukame balaa, lakini ule utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari na mimi nina watoto wadogo, halafu haina rangi. Lantana ina maua mazuri ila inasambaa kwenye malisho na mifugo ikila inaumwa, sikutaka ugomvi na majirani. Nikabaki na michongoma na bogenvilia. Michongoma ina miiba mirefu, mbuzi hapiti, inafunga kabisa, na jua la huku inaliweza, tatizo ni ya kijani tu. Bogenvilia ndiyo rangi yenyewe, ila matawi yake ni marefu yanalegea yanataka kitu cha kuegemea, basi nikaona hizi mbili zioane.

Nikapanda mvua za mwezi wa 12 zilipokolea, mstari wa nje michongoma kila nusu mita, miche 60 ya urefu wa kiganja tu, na mstari wa ndani bogenvilia 30, kila mita moja, nikiziweka zigizaga kusiwe na uwazi ulionyooka. Bogenvilia nilizikuza mwenyewe kwa vipandikizi vya unene wa kidole, nilikata vipande 60 vikashika 38. Kitu kimoja mkizipanda, mizizi yake ni laini sana, usitikise udongo ukadondoka, chana kiriba (ule mfuko wa plastiki wa mche) kwa wembe kushoto na kulia ukiwa umeshaiweka shimoni halafu kivute taratibu.

Kazi iliyonipa shida moyoni ni kukata. Michongoma ilipofika kiunoni ilibidi niirudishe magotini, na nilisita wiki nzima, lakini usipokata mapema inakimbilia juu na chini inabaki miguu mitupu na upepo unapita hapo hapo. Nilikata mara tatu mwaka wa kwanza, kila tawi likatoa matawi mawili matatu, sasa hivi kuku wangu hapenyi.

Maua nayo nilichelewa kuyapata kwa sababu ya huruma, nilikuwa namwagilia kila jioni na samadi naweka, nikapata majani matupu. Nilipoacha kumwagilia kiangazi ndipo zikalipuka, zambarau, chungwa na nyeupe. Chukua kikonyo kimoja uangalie kwa karibu, zile rangi ni majani membamba kama karatasi, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Ya zambarau ndiyo ngumu kuliko zote, nyeupe upepo unaipukutisha.

Huu ni mwaka wa nne, fensi imenipita kimo, na nyuma yake nimepata matuta ya mchicha na mipapai mitatu imesimama wima. Kona ya getini bado nyembamba kwa sababu mchwa walikula miche 5, nimeshaotesha mingine kwenye viriba, nasubiri mvua.