Nilikwenda kuomba cherehani, nikapewa overloku

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka 2019 baada ya ajali ya bodaboda. Nilikuwa saidia fundi kwenye majengo ya Mtumba, Dodoma, napandisha zege. Ajali ilinikuta Jumapili nikitoka kwa shangazi Kizota, kwa hiyo habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hazikunihusu. Ule ni wa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi.

Watu wa ustawi wa jamii walinielekeza chuo cha Sabasaba, Singida, kinachofundisha ufundi watu wenye ulemavu. Nikajifunza ushonaji. Nikarudi Dodoma na cheti, nikaanza kuzunguka kwa mafundi cherehani wa mitaa ya Majengo na Chang'ombe.

Kila nilipofika, macho yalishuka kwenye mguu, kisha kwenye pedeli ya cherehani. Nyingi ni za kukanyaga. Mguu wangu wa bandia haukunji kwenye kifundo, unagonga tu, na mguu mmoja ukibeba kazi ya miwili, kufika saa sita mchana umekwisha. Mafundi hao sikuwaona wakorofi. Wenyewe wanaishi kwa kuhesabu pisi, yaani malipo ni kwa kila nguo.

Sheria nilikuwa nimeikariri: ya Watu wenye Ulemavu, ya mwaka 2010, kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Nikamtajia mzee mmoja anayeshona sare za shule. Akacheka: "Mdogo wangu, humu ukinihesabu mimi na paka tunafika tisa."

Nilirudi kwa afisa ustawi wa kata kulalamika. Dada yule akasikiliza, akauliza kama mzee amenifukuza au amenicheka tu. Nikasema amenicheka. "Basi kesho twende wote."

Nilitegemea atanisemea: kijana ana bidii, ana cheti, mwonee huruma. Hakusema hata moja. Alimwamkia mzee, akaomba kiti, akakaa kama nusu saa anatazama watu wanavyofanya kazi. Mwishoni akauliza, "Mzee wangu, humu ni kazi gani inayolala?"

Mzee akaonyesha lundo la sketi pembeni. Zimeshonwa, hazijapigwa overloku, ile mashine ya kukata na kuzungushia uzi kingo za kitambaa zisifumuke. Binti aliyekuwa akiipiga ameolewa, na mafundi hawataki kuacha cherehani zao, maana pisi zinawapotea. Mashine ya overloku inatumia umeme. Pedeli yake unaigusa kwa mguu mmoja, wa kushoto ukipenda. Mimi nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili nikitazama cherehani.

Tukakubaliana wiki mbili za majaribio, nalipwa kwa pisi kama wengine. Siku ya kwanza nilichana sketi nne. Kisu cha overloku hakikusubiri, nguo ikijikunja inaliwa. Mzee alifoka hadi wateja wakasimama mlangoni, na fedha ya kitambaa akaikata. Sikurudi nyumbani kwa furaha siku hiyo, nisidanganye.

Dada wa ustawi alikuja siku ya tatu bila kuitwa. Akaona nimekaa upande, kiuno kimepinda, kwa sababu pedeli iko kulia. Akamwomba mzee tuisogeze kushoto na kiti kiinuliwe kwa kipande cha mbao. Kazi ya dakika kumi, wala haikugharimu kitu. Baada ya hapo sketi zilinyooka. Alikuja tena wiki ya pili, kisha akawa anapiga simu tu, mara nyingi kwa mzee kuliko kwangu.

Kilichobaki ni umeme. Ukikatika, wenzangu wanaendelea kukanyaga, mimi nimekaa na pisi hazihesabiki. Siku hizo mzee hunisukumia kopo la vifungo, nashona kwa mkono. Malipo yake ni madogo na tumeshabishana mara mbili. Desemba, kabla ya shule kufunguliwa, nitamwambia tena.