Mti wa Kunuswa

Mikindani, Jumapili usiku

Leo nimempelekea bibi kinyago. Macho yake yamezima tangu mwaka juzi, nikasita: kinyago cha nini kwa asiyeona? Akakipakata, akaanza kukipapasa kutoka chini. "Huyu ana mtoto mgongoni," akasema. "Huyu kashika mtungi." Kisha akakinusa. "Wamekipaka kiwi."

Ni kinyago cha ujamaa, kile Wamakonde wanachokiita dimoongo: gogo moja la mpingo, watu wamebebana hadi juu. Kilikaa mezani kwangu wiki nzima, nikikitazama kila asubuhi. Yule mtoto wa mgongoni sikumwona.

Nikamsimulia bibi habari za Ernesto Neto, msanii wa Brazil. Mwaka 2018 alitundika mti uliotengenezwa kwa vitambaa vya pamba ndani ya stesheni kuu ya reli ya Zürich, kule Uswisi. Mita 20 kwenda juu, umefungwa mafundo kwa mikono, na mawazo yake yametoka kwa Huni Kuin, wenyeji wa msitu wa Amazon, watu aliokaa nao na kujifunza kwao. Mifuko yenye viungo na majani makavu ilining'inia kwenye matawi, na abiria waliweza kuketi chini yake wakivuta harufu. Karafuu, manjano na pilipili manga amezitumia miaka mingi katika kazi zake.

Hapo kwenye karafuu ndipo roho yangu ilipobaki. Mswisi akiinusa hukumbuka Krismasi na baridi. Mimi nakumbuka pilau ya harusi, masufuria uani, na shangazi zangu wakiimba tangu alfajiri. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu.

Nautamani mti wa namna hiyo hapa, ufukweni, karibu na nyumba za kale za mawe. Mifuko yake itiwe udi, mchaichai, mabibo yaliyokaushwa. Chini yake kisimame kinyago kikubwa cha mpingo, kisicho na kibao cha kukataza kugusa. Kibao hicho nimekiona sehemu nyingi mno, na leo nimejua kinamfungia nani nje.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, mkono ungali juu ya kinyago.

"Mita 20 ndiyo kiasi gani, mjukuu wangu?"

"Kama mnazi mrefu, bibi."

"Aa, huo wa huko. Wa kwetu uwe mfupi. Mikono ifike."