Siku moja kwenye mitambo: krosifedi ukumbini Dodoma

Saa 2:00 asubuhi

Jumamosi ya harusi. Ukumbi uko Ipagala, na kamati imeleta flashi iliyojaa nyimbo. Kabla ya kugusa krosifedi tunafungua mafaili kwanza. Krosifedi, yaani wimbo unaoisha kushuka huku unaofuata ukipanda juu yake, kwenye programu nyingi huhesabu sekunde kurudi nyuma kutoka mwisho wa faili. Haijui muziki wenyewe uliishia wapi. Ukiweka sekunde 8 na faili lina ukimya wa sekunde 10 mwishoni, ukumbi utasikia kimya cha sekunde 2, kisha wimbo wa pili unajivuta kuingia peke yake. Hapo ndipo mtu anasema krosifedi imeharibika, kumbe imefanya kazi yake sawasawa.

Mafaili yaliyotolewa kwenye video ndiyo yanasumbua kuliko yote: mwanzoni watu wanaongea, mlango unabamizwa, pikipiki inaondoka; mwishoni majina ya waliotengeneza yanapita bila sauti. Vyote hivyo vinakatwa. Kwa MP3 tunatumia programu ya mp3DirectCut kwa sababu inakata bila kukandamiza faili upya. Mkato unaangukia kwenye mpaka wa fremu, yaani vipande vidogo vinavyounda faili, na fremu moja ya MP3 ni sampuli 1152, karibu milisekunde 26 kwa faili la kHz 44.1, kwa hiyo hakuna sikio litakalogundua. Audacity, programu nyingine ya kuhariri sauti, nayo inakata vizuri, ila ukihifadhi tena kwa MP3 ubora unapungua kidogo kila mara. Acha nusu sekunde baada ya sauti ya mwisho ili mwangwi usikatwe kama kwa panga.

Saa 4:00 asubuhi

Viwango vya sauti. Rekodi ya zamani ya dansi na Bongo Fleva ya mwaka huu zinapishana sana kwa ukubwa, na krosifedi inauanika huo upishano: wimbo mpya unamfokea wa zamani kabla haujamaliza kuaga. Programu ya MP3Gain inasawazisha folda nzima kwa mkupuo. Lengo lake la kawaida ni desibeli 89, inapanda na kushuka kwa hatua za desibeli 1.5, na haikandamizi sauti upya, kwa hiyo unaweza kurudisha ilivyokuwa. Usikubali kishawishi cha kupandisha lengo hadi 95 ili "muziki upige". Kazi ya kupiga ni ya ampli.

Saa 6:00 mchana

Sasa urefu wa krosifedi. Spotify inakupa hadi sekunde 12. Apple Music kwenye iPhone ilipata krosifedi na iOS 17 mwaka 2023, nayo inaishia 12. Mixxx, programu ya bure ya kompyuta tunayoitumia, inaanza na sekunde 10. Namba hizo ni za kuanzia tu. Hesabu yenyewe inatoka kwenye mdundo. Gawanya 60 kwa midundo ya dakika moja. Wimbo wa midundo 96 una mdundo mmoja kila sekunde 0.625, hivyo kipimo cha midundo minne ni sekunde 2.5, na vipimo vinne ni sekunde 10. Kwa midundo 120, vipimo vinne ni sekunde 8. Nyimbo mbili zenye mwendo unaokaribiana zikipewa urefu huo, angalau mpishano unatosha vipimo kamili.

Singeli ni habari nyingine. Inapita midundo 200 kwa dakika, mdundo kila sekunde 0.3 au chini ya hapo, na ukichanganya mbili kwa sekunde 8 unapata kelele za magoma yanayokimbizana. Sekunde 1 inatosha, hata sifuri. Nyimbo za kwaya zinataka tahadhari ya aina yake: waimbaji wa funguo mbili tofauti wakisikika pamoja, hata asiyejua muziki anakunja uso. Sekunde 2 au 3, basi.

Saa 9:00 alasiri

Ukumbini. Laptopu inaingia kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, kupitia kadi ya sauti ya USB. Ukitumia tundu la hedifoni na chaja ikiwa imechomekwa, mara nyingi utasikia mngurumo. Kama wimbo utatoka mtandaoni, upakue kabisa. Krosifedi inahitaji wimbo unaofuata uwe umeshapakiwa kabla unaocheza haujafika mwisho, na intaneti ikisuasua wageni wanapewa kimya. Simu kama chanzo ni ya dharura tu: weka hali ya ndegeni, zima kiokoa betri.

Kisha mkunjo wa krosifedi, yaani jinsi wimbo mmoja unavyoshuka na mwingine kupanda, ambao wengi hawaugusi. Mkunjo ulionyooka unaweka kila wimbo kwenye nusu pale katikati, yaani desibeli 6 chini. Kwa kuwa nyimbo hizo mbili ni tofauti, jumla yake inadidimia kama desibeli 3, na ukumbi unasikia muziki "ukizama" kisha kuibuka. Mkunjo wa nguvu sawa unaacha kila wimbo kwenye asilimia 71, desibeli 3 tu chini, na ukubwa haubadiliki. Kwenye Mixxx unachaguliwa kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya Mixer. Gharama yake ni kwamba vilele vya nyimbo mbili vikikutana vinaweza kuvuka dari, yaani kiwango cha juu kabisa cha programu, kwa desibeli 3, na hapo sauti inapasuka. Shusha sauti kuu ya programu kwa desibeli 3 hadi 4, ufidie kwenye mikisa.

Saa 11:00 jioni

Wageni wanaanza kuingia. Rumba za taratibu, sekunde 8, hakuna wa kuangalia kompyuta. Isipokuwa kamati ikitaka nyimbo za Kigogo, na Dodoma hilo halikosekani. Nyingi huanza na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, au zeze peke yake, kwa upole, na krosifedi ndefu inafukia mwanzo huo wote chini ya wimbo unaoondoka. Ziweke kwenye orodha yao, krosifedi sifuri.

Saa 1:30 usiku

Maharusi wanaingia. Auto DJ, yaani Mixxx kujichezea orodha yenyewe, inazimwa. Krosifedi ikiachwa, wimbo unaofuata unajianzisha sekunde 8 kabla huu haujaisha, bibi harusi akiwa bado katikati ya ukumbi. Kuanzia hapa hadi keki na zawadi ni wimbo mmoja mmoja, na kidole kiko kwenye fada, kitelezi cha sauti: MC akiinua mkono, shusha kwa sekunde 2 au 3 bila kushtua. Angalia pia kitufe cha kuruka wimbo. Programu nyingine zinakipa krosifedi yake, na unaposubiri wimbo uingie papo hapo, unaletewa mchanganyiko wa sekunde 10.

Saa 3:30 usiku

Dansi. Auto DJ inarudi, lakini kwa kuamsha watu tunachanganya kwa mkono: besi ya wimbo unaoingia inakatwa kabisa, na inarudishwa pale besi ya unaotoka inapokatwa. Besi mbili kwa wakati mmoja zinavimba kwenye spika na mdundo haueleweki. Sebene nzuri huja nusu ya pili ya wimbo, kwa hiyo weka alama ya kutokea mwenyewe. Usiiachie programu ikusubirie dakika nane. Umeme ukikatika laptopu inaendelea kucheza kwa betri. Shusha fada kuu kabla jenereta haijawaka, vinginevyo sauti itarudi kwa kishindo.

Saa 5:45 usiku

Wimbo wa kuaga. Zima kurudia orodha, la sivyo sekunde 10 kabla ya mwisho utaingia ule wa kwanza wa jioni, na wageni wanakaa tena.